Nilisema Gugu Litakufa Lenyewe

Kosa ninaloliungama hapa nililifanya kwenye uwanja wa nyasi wa mama mmoja mstaafu mjini Savannah, jimbo la Georgia, Marekani, ambako ninaishi kwa kukata majani na kutunza bustani za watu. Mama huyo aliniuliza kuhusu gugu lililoota uani kwake, nikamjibu kwa uhakika ambao sikuwa na haki nao. Nilisema litakufa lenyewe. Na kweli lilikufa, lakini lilikufa baada ya kuzaa miiba iliyowachoma wajukuu wake, na nilipoyaona hayo sikusema kweli. Nilitafuta njia ya kufunika, na kule kufunika kukaharibu zaidi. Wapo Waswahili wengine wanaofanya kazi hii kusini mwa Marekani, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, na wapo waliokwishanunua nyumba zenye nyasi zao wenyewe. Hao ndio hasa ninaowaandikia.

Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba ya wakulima. Ndago niliijua, na adha ya kuing'oa ukaacha kiazi chake ardhini. Kishonanguo nilikijua kwa kukibandua kwenye kaptula ya shule. Mbigili niliijua kwa nyayo zangu mwenyewe. Kwa sababu hiyo nilipoanza kazi hii sikuona haja ya kufundishwa magugu na mtu yeyote. Lakini elimu niliyolelewa nayo inafuata mvua. Masika yakianza, magugu huota na jembe hutoka. Vuli ikija, hivyo hivyo. Jua la Januari na Februari likikaza, mengi hukauka na mkulima hupumzika. Mtoto wa Muheza hafikirii kwamba kuna mmea unaongoja baridi ndipo uote.

Nilipofika Savannah nikaona Desemba imeingia, nyasi za St. Augustine, zile zenye jani pana zinazopendwa sana pwani ya Georgia na Florida, zimefifia rangi. Ukoka, ambao huku unaitwa Bermuda, umekauka juu wote na kuwa wa hudhurungi. Nikahitimisha kwamba ardhi imelala, kila kilichomo kimelala, na kazi yangu ya miezi ile ni kuokota majani yaliyopukutika.

Kumbe kuna kundi zima la magugu ambalo huo ndio msimu wake. Mbegu zake hulala udongoni majira yote ya joto. Mwishoni mwa Septemba na ndani ya Oktoba, udongo wa juu unapopoa na kufika nyuzi 21 hivi za Selsiasi, mbegu huanza kuota. Mimea hupita Novemba, Desemba na Januari ikiwa midogo, imelala chini kabisa, na mtu mwenye haraka haioni. Joto linaporudi Februari na Machi hukua kwa kasi, huchanua, huzaa, na jua la Mei likishakuwa kali hufa yote. Nyasi za uwanja zinakuwa zimelegea wakati ule ule magugu yanapofanya kazi, kwa hiyo haziwezi kuyabana.

Kila moja lina alama yake. Lile Wamarekani waliitalo henbit lina shina la pembe nne na vijiua vya zambarau, na majani yake ya juu hayana kikonyo bali yamelikumbatia shina. Chickweed lina mstari mmoja tu wa vinyweleo ubavuni mwa shina, na lazima uliinue kwenye mwanga ndipo uuone. Poa annua ni jamii ya nyasi zenyewe, na ncha ya jani lake imejikunja kama omo ya mashua. Haya yote yanachukiza macho, lakini hayamuumizi mtu. Lililoniponza mimi ni jingine.

Kitaalamu huitwa Soliva sessilis. Wamarekani huliita burweed au spurweed, Waaustralia huliita bindii, na New Zealand hulitaja kwa jina la Onehunga, kitongoji cha Auckland. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ni la jamii moja na alizeti, ingawa ukilitazama huwezi kuamini, maana ua lake ni dogo, la kijani kibichi, limejificha pale jani linapoungana na shina. Mmea mzima unaweza kuwa na upana wa kiganja na usimame sentimita chache tu kutoka ardhini, ndiyo maana kisu cha mashine hupita juu yake bila kuugusa. Majani yake yamechanwa vipande, na kila kipande kimechanwa tena. Katika yale maungano ya jani na shina, ua likishaisha, hukaa kifungu cha vijitunda bapa, na kila kijitunda kina mwiba wake mkali uliosimama wima. Mwiba una urefu wa milimita chache tu. Unatosha kuingia kwenye unyayo wa mtoto.

Mama aliniuliza mwezi wa Januari. Alikuwa amesimama kibarazani na koti lake, mimi nikikusanya majani makavu. Akanionyesha upande wa lango, akasema, "Yale majani madogo pale ni nini? Mwaka jana sikuyaona." Nikageuza shingo, nikaona kijani kilichochanwachanwa, nikamwambia, "Ni karoti mwitu tu, mama. Joto likija yatakufa yenyewe. Usipoteze pesa yako." Akanishukuru kwa kutomtafutia gharama. Nikaendelea na kazi.

Sikuinama. Katika yote niliyoyafanya baadaye, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lingenigharimu dakika moja. Ningeinama ningeona kwamba karoti mwitu hutoa majani yake yote kutoka kwenye kitovu kimoja juu ya mzizi mmoja mnene, wakati hili lina mashina yanayotawanyika na kutambaa. Ningelifikicha jani ningenusa, na lisingetoa harufu ya karoti. Na kama bado ningeshindwa kulitambua, ningeling'oa moja na mizizi yake, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikalipeleka ofisi ya ugani. Chuo Kikuu cha Georgia kina maofisa ugani katika kaunti, watu wanaofanya kazi ile ile ya bwana shamba tunayemjua nyumbani, na kutambua mmea ulioletwa na mwananchi ni sehemu ya kazi yao. Sikwenda kwa kuwa niliona haya. Mimi, mtoto wa mkulima, nikaulize jina la jani?

Na Januari ile ndiyo iliyokuwa siku ya kulimaliza. Kati ya Desemba na Februari gugu hili ni changa, halina mwiba hata mmoja, mizizi yake haijashika sana, na udongo wa Savannah una unyevu wa kutosha kuling'oa kwa vidole. Kwa anayetumia dawa, dawa kidogo inalitosha. Hakuna kipindi kingine katika mwaka ambapo mambo haya yote yanakutana.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo mama hakulijua mpaka nilipomwambia mwenyewe. Aliposema mwaka jana hakuyaona, alikuwa sahihi. Hayakuwepo. Nilipokuja kuyatazama vizuri baadaye, niliona yameanzia pale ninaposhushia mashine kutoka kwenye tela, yakapita langoni, yakafuata njia ile ile ninayopita ninapoanza kukata. Machipuko yaliyotangulia nilikuwa nakata uwanja wa mteja mwingine uliojaa miiba hii, nikitoka pale nakuja moja kwa moja kwa mama, bila kupiga maji magurudumu wala kutazama soli za viatu vyangu. Vijitunda hivi hung'ang'ania mpira wa gurudumu, viatu na nyayo za mbwa. Ndivyo mmea huu unavyosafiri. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, ila naamini kabisa kwamba niliuleta mimi.

Nilichokifanya vuli iliyofuata kiliukaribisha zaidi. Nyasi za St. Augustine zinataka kukatwa juu, kati ya sentimita 6 na 10 hivi, ili zifunike udongo na mwanga usifike chini. Mimi nilikuwa nimeshusha kisu ili uwanja ukae muda mrefu bila kuhitaji kukatwa tena, nipate nafasi ya wateja wengine. Nyasi zikawa nyembamba, udongo ukaonekana, na pale langoni ulikuwa umeshindiliwa na tela langu. Mbegu iliyoanguka pale Mei ilikuta kila inachokihitaji Oktoba.

Mwishoni mwa Aprili wajukuu walikuja. Wakubwa walivua viatu, kama watoto wafanyavyo hali ya hewa ikiwa nzuri, wakakimbilia langoni. Walirudi wakilia. Mdogo kabisa alikuwa bado anatambaa, na mtu mzima alimweka chini kwenye nyasi akijua nyasi ni mahali salama pa mtoto. Nilipofika siku iliyofuata mama yake mtoto alinionyesha viganja na magoti. Palikuwa na vidoa vyekundu vimetapakaa, na miiba mingine ilikuwa bado ndani. Walikuwa wameitoa mingi kwa kibano usiku, chini ya taa, mtoto akishikwa. Mama mwenye nyumba hakunikaripia. Aliniuliza tu kama ninajua ni nini kile, kwa vile nilikuwa nimesema ni karoti mwitu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Badala yake nilisema, "Nitalipulizia dawa, mama, litaisha."

Nilikwenda dukani nikanunua dawa ya kuua magugu ya majani mapana, yenye 2,4-D, mekopropu na dikamba ndani ya chupa moja. Kibandiko kilikuwa na maelezo marefu. Kilisema nyasi za St. Augustine zinaweza kudhurika. Kilisema dawa isipuliziwe joto likipita nyuzi 90 za Fahrenheit, yaani karibu 32 za Selsiasi. Kilitaja kipimo. Sikukisoma hata kimoja. Nilikadiria kwa jicho, nikazidisha ili ikolee, nikajaza bomba la mgongoni, nikapulizia alasiri ya katikati ya Mei, jua likiwaka. Tena sheria ya Georgia inamtaka anayepulizia dawa kwa malipo awe na leseni ya Idara ya Kilimo ya jimbo. Mimi sikuwa nayo. Nililijua hilo, nikapokea pesa ya mama, nikaiweka mfukoni.

Gugu likajipinda, likawa la manjano, likafa. Lingekufa hata bila mimi. Wiki chache tu zilikuwa zimebaki. Miiba haikufa, kwa kuwa mwiba hauna uhai wa kuuawa. Dawa yoyote unayolipulizia gugu hili likishazaa inaukausha mmea na kuiacha miiba pale pale juu ya udongo, mikavu, migumu kuliko ilivyokuwa. Hilo ndilo nililopaswa kulijua kabla ya kuchukua pesa ya mtu: mwezi wa Mei hakuna dawa inayouzwa dukani itakayomlinda mtoto na gugu hili.

Nyasi nazo zikaungua. Kwanza zilipauka, kisha mabaka makubwa yakawa ya hudhurungi, hasa pale nilipopita mara mbili. Mti wa maua uliokuwa ukingoni ukakunja majani machanga, maana dikamba hushuka udongoni na mizizi ya mti huinyonya; mti ulipona, lakini haukuwa na hatia yoyote. Mama akaniuliza mabaka yale yametoka wapi. Nikamwambia ni ukame. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile ile. Yeye aliiona, na mimi niliiona.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, ambaye amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanja vya gofu huku. Vijana wote wa Kiswahili humwita Papa. Nilimwomba aje aone kwa nini nyasi za mama hazipati nafuu. Alitembea polepole, akachuchumaa penye baka, akachukua mmea mmoja uliokauka, akaufikicha juu ya kiganja kigumu, akanionyesha vijitunda vilivyobaki.

"Mwana yangu," akasema, "umeua mama tu. Watoto wote wamebaki."

Nikamwuliza nipulizie nini tena. Akatikisa kichwa. "Mwezi wa tano hakuna kitu ya kufanya hapa. Hii wanaitafuta mwezi wa kwanza, wakati wa baridi." Kisha akaniuliza kama mwenye nyumba anajua yaliyotokea. Nikanyamaza. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Basi kazi yako ya kwanza haiko ya dawa."

Nilikwenda kwa mama Juni. Nilimwambia yote kwa mfululizo, bila kuacha nafasi ya kujitetea: kwamba Januari sikuinama, kwamba magurudumu yangu ndiyo yaliyoleta mbegu, kwamba nilikata nyasi chini kwa faida yangu, kwamba sikusoma kibandiko, kwamba sikuwa na leseni, na kwamba hapakuwa na ukame wowote. Nikamrudishia pesa ya dawa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: wajukuu wake wataweza kucheza peku lini? Hakuna swali lililowahi kuniwia gumu zaidi katika kazi hii. Jibu la kweli lilikuwa kwamba majira yale ya joto hayatafaa, na yajayo sikuwa na uwezo wa kuyaahidi. Nikamjibu hivyo. Akaniachia kazi ya kukata majani na kurekebisha nyasi, na dawa akanikataza nisiiguse tena kwenye ardhi yake. Ulikuwa uamuzi wa haki.

Naeleza sasa tulivyoirekebisha, kwa sababu kuungama bila kueleza dawa ya kosa hakumsaidii mwenye uwanja.

Kwanza ilikuwa miiba yenyewe. Nilishusha mashine penye mabaka tu, nikafunga mfuko wa kukusanyia, nikakata na kuzoa. Halafu nilikokota blanketi kuukuu la sufi juu ya udongo, huku na huku, vijitunda vikanasa kwenye nyuzi. Vyote niliviweka kwenye mifuko ya taka, nikaifunga. Havifai kutupwa kwenye lundo la mboji, kwa kuwa kila mwiba una mbegu yake. Haikutoka yote. Lakini kila kilichotoka hakikuota Oktoba.

Pili, nyasi. Za St. Augustine kwa kawaida hazipandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vipande vilivyokatwa pamoja na udongo wake. Nilinunua vipande kwa pesa yangu, nikalegeza udongo ulioshindiliwa langoni, nikapanda, nikamwagilia. Tela nikaanza kuliegesha barabarani. Kisu cha mashine nikakipandisha, na hadi leo sijakishusha kwa mteja yeyote mwenye nyasi hizi, hata akiniomba. Naona uwanja mnene uliokatwa juu ndio kinga inayoshinda zote zinazouzwa kwenye chupa, na ukipandwa vizuri utakulinda mwaka baada ya mwaka. Mbolea ya naitrojeni nayo isitiwe nyasi zikishalala. Anayeitia Novemba anayalisha magugu.

Tatu, mbegu zilizobaki. Mwishoni mwa Septemba mama alimwita mtu mwenye leseni akaweka isoksabeni, dawa inayozuia mbegu za magugu ya majani mapana zisiote. Niliruhusiwa kusimama nitazame. Dawa ya namna hii ina sharti moja kubwa, nalo ni tarehe. Huiwahi mbegu inapotaka kuota; mche uliokwishatoka hauugusi. Ukichelewa mpaka Desemba umemwaga pesa. Zipo pia dawa za kuzuia mbegu zilizolengwa zaidi magugu ya jamii ya nyasi, na watu huziweka wakashangaa burweed ikichipuka bila wasiwasi. Soma kibandiko, litafute jina la gugu lako.

Wengi huku hutumia dawa ya atrazini kwenye St. Augustine kati ya Novemba na Februari, na inafanya kazi. Mimi siipendi. Inashuka kwenye maji ya chini ya ardhi, udongo wa pwani hii ni wa mchanga, na Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni kwa uamuzi wa mwaka 2004 kwa sababu hiyo hiyo ya maji. Sheria ya Marekani inairuhusu kwa masharti yake. Ninachosema ni maoni yangu, na kwa mwenye kisima au mtaro karibu nayasema kwa nguvu zaidi. Hatari nyingine ni glaifoseti. Kuna wanaoipulizia wakati wa baridi juu ya ukoka uliokauka kabisa ili kuua kijani chochote kilichobaki, nao hufanikiwa. Usiige jambo hilo kwenye St. Augustine. Nyasi hizi haziko usingizini kikamilifu. Chini ya majani yaliyofifia mashina yake yanayotambaa bado ni mabichi, na glaifoseti itayaua pamoja na gugu. Mimi mwenyewe, kabla mama hajanikataza dawa, nilikuwa nimeshapanga kufanya hivyo Desemba. Papa alinizuia.

Januari ilipofika nilikwenda kwa mama bila kuitwa na bila malipo, nikapiga magoti langoni. Nilikuwa na kisu kifupi cha palizi na ndoo. Niliyakuta machache kuliko nilivyohofia, yakiwa na upana wa sarafu, laini, hayana mwiba. Unapenyeza ncha ya kisu chini ya kitovu cha mmea, unakata mzizi, unainua na mashina yake yote. Nilirudi tena Februari kwa yale niliyoyapita. Kwa uwanja mdogo, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine yoyote. Haihitaji leseni, haiunguzi nyasi, haisubiri hali ya hewa, na mtoto anaweza kucheza pale saa hiyo hiyo.

Machipuko ya mwaka ule watoto walivaa viatu bado, maana mimea michache ilitukwepa ikazaa, na mbegu nyingine zilikuwa zimelala tu udongoni. Mwaka uliofuata upande wa kibarazani ulikuwa safi, wakacheza peku huko. Langoni mama aliendelea kuwazuia, nami ndiye niliyemshauri.

Leseni nimeipata. Mtihani una sehemu ya maarifa ya jumla na sehemu ya fani, na fani yetu, ya mapambo na nyasi za viwanja, ni ya namba 24 katika orodha ya Georgia. Lugha ni Kiingereza cha vitabu na inachosha, lakini nusu ya niliyoyaharibu kwa mama yamo katika kurasa za mwanzo: soma kibandiko, pima, tazama joto, tazama kilicho jirani.

Ndugu yangu unayekata majani huku, nakuomba mambo haya. Osha magurudumu na viatu kabla ya kutoka kwa mteja, hata kama jua linazama na tela limeshafungwa. Mteja akikuuliza Januari kuhusu jani usilolijua, inama, ling'oe, na kama hujui mwambie hujui, kisha nendeni pamoja ofisi ya ugani. Na kama Mei imekukuta umeshapulizia, umeshalipwa, na gugu limekauka, usikae kimya. Piga simu leo, umwambie mwenye nyumba kwamba miiba bado iko chini, watoto wavae viatu.